Kuikagua Pikipiki Kabla ya Safari Ndefu

Pikipiki ni chombo kinachotumiwa sana siku hizi katika Tanzania, mijini na vijijini. Mwalimu huitumia kwenda shuleni, muuguzi huitumia kufika katika zahanati, bwana shamba huitumia kuwatembelea wakulima, na vijana wengi hupata riziki yao kwa kuchukua abiria. Nyingi kati ya pikipiki hizo zina injini ndogo ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 100 hadi 150, ipozwayo kwa hewa. Muundo wake ni sahili, na sehemu zake muhimu zaweza kuonekana na kufikiwa kwa spana chache. Hata hivyo, wenye pikipiki wengi huziacha sehemu hizo mikononi mwa fundi, na hujishughulisha nazo pale tu chombo kinapokataa kwenda.

Liko jambo moja linalowashangaza watu hao. Pikipiki ambayo kwa miezi sita imekwenda sokoni na kurudi bila taabu yoyote hukwama siku ya kwanza inapopelekwa safari ya mbali. Mwenyewe husema amepatwa na bahati mbaya. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba mara nyingi bahati haihusiki. Safari ndefu huleta ubovu mpya mara chache tu. Kazi yake kubwa ni kufichua ubovu uliokuwapo, ambao safari fupi huuficha. Sababu zake zimo katika fizikia ileile inayofundishwa katika shule za sekondari, na mtu anayezifahamu anaweza kuugundua ubovu huo nyumbani kwake, kwa rula, tochi, kitambaa na spana.

Tofauti ya safari fupi na safari ndefu

Na tuchukue mfano wa mwendeshaji anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa, mwendo wa karibu kilomita 500. Akienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, yaani kilomita moja kwa kila dakika, atakuwa barabarani kwa dakika 500, bila kuhesabu mapumziko. Injini yake ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, itazunguka mara 2,500,000 kabla ya kufika. Katika injini ya mapigo manne mwako hutokea mara moja katika kila mizunguko miwili. Basi petroli italipuka ndani ya silinda mara 1,250,000. Gurudumu lenye mzingo wa mita 1.9 litajiviringisha zaidi ya mara 260,000, na kila spoki itakazwa na kulegezwa kwa idadi hiyo hiyo.

Mambo manne ndiyo yanayoitofautisha safari ya namna hii na ya kwenda sokoni. La kwanza ni joto. Katika mwendo wa dakika kumi, oili, matairi na breki havijafikia halijoto yake ya juu. Katika mwendo wa saa nzima hufikia, na kubaki hapo. La pili ni marudio: nati iliyolegea kidogo hulegea zaidi kwa kila mtetemo. La tatu ni mzigo, kwa kuwa msafiri huchukua mizigo, na pengine abiria, kwa muda mrefu na milimani. La nne ni umbali wa msaada. Tairi likitoboka mjini, mwenye pikipiki hupoteza nusu saa. Likitoboka jioni katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambamo barabara kuu hupita kwa kilomita 50 hivi katikati ya wanyama, jambo lilelile laweza kuwa hatari kwa maisha.

Historia yenyewe inatoa ushahidi. Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach waliunda chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli huko Ujerumani mwaka 1885. Katika miaka hiyo hiyo Carl Benz alikuwa akilijaribu gari lake la magurudumu matatu kwa safari fupi. Mwezi Agosti 1888 mke wake, Bertha Benz, alilichukua gari hilo pamoja na wana wao wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, umbali wa kilomita 100 na zaidi. Inasimuliwa kwamba njiani aliuzibua mrija wa petroli kwa pini ya kofia, na kwamba breki za mbao zilipoliwa miteremkoni alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi. Milimani gari lilibidi lisukumwe, na baadaye Benz aliliongezea gia ya kupandia. Kasoro hizo zilikuwamo tangu mwanzo, lakini safari fupi hazikuzionyesha.

Oili

Katika injini yenye mwendo wa pistoni wa milimita 50, ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni husafiri kwa wastani wa mita 8.3 kwa sekunde, nayo husimama na kugeuza mwelekeo zaidi ya mara 160 katika kila sekunde. Kinachozuia chuma kisisage chuma ni utando mwembamba wa oili. Utando huo hutegemea mnato, yaani ile tabia ya kimiminiko kupinga kutiririka. Oili ikipata joto mnato wake hupungua. Hili kila mpishi amekwisha kuliona katika mafuta ya nazi. Kwa sababu hiyo oili za injini huandikwa namba mbili, kwa mfano 20W-50. Namba ya kwanza inahusu tabia ya oili ikiwa baridi, na ya pili inahusu mnato wake katika nyuzijoto 100.

Injini ndogo ina oili ya lita moja tu hivi. Oili hiyo hiyo hulainisha silinda, hulainisha giaboksi, huilowesha klachi, na kuchukua sehemu ya joto. Upungufu wa robo lita katika injini ya namna hii ni robo ya oili yote. Pikipiki inayokula oili kidogo kidogo haitaonyesha dalili yoyote mjini, lakini katika mlima mrefu oili iliyobaki itapata joto kupita kiasi, mnato utashuka, na utando utakatika. Matokeo yake ni pistoni kukwama ndani ya silinda, na gurudumu la nyuma laweza kujifunga ghafla.

Ili kupima oili, pikipiki isimamishwe wima mahali tambarare, injini iungurumishwe kwa dakika chache, kisha izimwe na kuachwa kidogo ili oili ishuke. Kama muda wa kubadili oili uliotajwa katika kitabu cha pikipiki utafika njiani, ni afadhali kuibadili kabla ya kuondoka. Yafaa oili iwe ya pikipiki, maana baadhi ya oili za magari huwa na viungo vya kupunguza msuguano vinavyoweza kuifanya klachi iteleze. Oili iliyomwagwa itazamwe juani: chembe zinazong'aa ni dalili ya chuma kinachosagika, na pikipiki hiyo haifai kusafiri kabla ya kuonwa na fundi. Aidha, oili chafu isimwagwe ardhini wala karibu na kisima, kwa kuwa kiasi kidogo tu huharibu maji mengi.

Hewa, petroli na plagi

Ili petroli iungue barabara, kila kilo moja huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ina tungamo la kilo 0.74 hivi, basi huhitaji karibu kilo 11 za hewa, ambazo zikiwa pwani hujaza mita za ujazo 9. Ikiwa pikipiki huenda kilomita 40 kwa lita, safari ya kilomita 500 itatumia lita 12.5 za petroli na karibu mita za ujazo 113 za hewa. Hiyo ni hewa yote iliyomo katika darasa lenye urefu wa mita 7, upana wa mita 6 na kimo cha mita 2.7. Yote hupita katika chujio dogo linaloenea kiganjani.

Chujio likijaa vumbi, hewa hupungua, mchanganyiko huzidi petroli, injini hupoteza nguvu na ekzosi hutoa moshi mweusi. Chujio likiwa limechanika au likiondolewa, vumbi huingia ndani ya silinda na kuikwangua kama msasa. Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. Lile la karatasi halioshwi. Hukung'utwa taratibu, na likichakaa hubadilishwa.

Plagi ni shahidi mzuri wa yanayotokea ndani ya silinda. Ncha yenye rangi ya kahawia isiyokoza huonyesha mwako mwema. Masizi meusi makavu huonyesha petroli kuzidi au hewa kupungua. Weusi wa mafuta huonyesha oili kupenya ndani ya silinda. Weupe wa chokaa huonyesha joto kupita kiasi. Nafasi kati ya ncha mbili, ambayo kwa injini nyingi ndogo ni baina ya milimita 0.6 na 0.8, ipimwe kwa fila na kulinganishwa na kitabu. Plagi irudishwe kwa vidole kwanza, kisha ndipo spana itumike, kwa kuwa hesi za kichwa cha silinda ni za alumini na huharibika kwa urahisi.

Msafiri akumbuke jambo moja zaidi. Mji wa Iringa uko kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ina msongamano pungufu kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Dar es Salaam. Injini hupata hewa kidogo kwa kila pigo, na nguvu yake hupungua kwa karibu kiasi hicho hicho. Anayelijua hilo hataanza kuifungua kabureta kando ya barabara akidhani imeharibika.

Cheni

Watu husema cheni "imevutika", kana kwamba chuma kimenyooka. Kwa kweli kinacholika ni pini na bushi katika kila kiungo. Cheni inayotumiwa katika pikipiki nyingi ndogo ina hatua ya milimita 12.7 kutoka pini hadi pini. Kila kiungo kikilika kwa milimita 0.1 tu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, cheni ya viungo 120 huongezeka urefu kwa milimita 12.

Kipimo chake ni rahisi. Cheni ikiwa imekazwa, hatua 20 za cheni mpya zina urefu wa milimita 254. Vitabu vingi huweka kikomo karibu na asilimia 2, yaani milimita 259. Ikizidi hapo, cheni hupanda juu ya meno ya sproketi, huyachonga yawe kama ndoana, na siku moja huruka au hukatika. Cheni iliyokatika katika mwendo wa kasi yaweza kujisokota na kulifunga gurudumu, au kuipasua injini. Kwa hiyo cheni na sproketi zake zote mbili hubadilishwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika huchakaa upesi.

Ulegevu nao upimwe katikati ya sehemu ya chini ya cheni, na gurudumu lizungushwe ili kupatafuta mahali palipokaza zaidi. Kwa pikipiki nyingi ndogo ulegevu ufaao ni milimita 20 hadi 30. Cheni isikazwe kama uzi wa gitaa, maana mwendeshaji akiketi na mzigo ukiwekwa, mkono wa nyuma hupanda na ulegevu hubadilika. Cheni iliyokazwa mno huumiza beringi za gurudumu na za giaboksi. Baada ya kurekebisha, alama za pande mbili za ekseli zilingane, la sivyo gurudumu litakwenda upande. Kama cheni ina kiungo cha klipu, upande wa klipu uliozibika ndio uelekee kule cheni inakokwenda. Oili ya cheni ipakwe baada ya mwendo, cheni ikiwa na joto, ili ipenye ndani ya viungo.

Matairi na upepo

Kinachobeba uzito wa pikipiki ni upepo uliomo ndani ya tairi. Tairi likipungukiwa na upepo hujikunja zaidi kila linapogusa barabara, na kule kujikunja na kujikunjua hugeuza nishati kuwa joto. Katika safari fupi joto hilo hupotea hewani. Katika safari ndefu hujikusanya, mpira hulegea, na tairi lililopungua upepo laweza kupasuka hata kama halijakanyaga msumari.

Makosa ya kawaida hutokea wakati wa kupima. Tuseme tairi limejazwa PSI 28, sawa na kilopaskali 193, asubuhi katika nyuzijoto 27. Kipimo cha upepo huonyesha kiasi kinachozidi kanieneo ya hewa ya nje, ambayo pwani ni kilopaskali 101. Basi kanieneo halisi ndani ya tairi ni 294. Nyuzijoto 27 ni sawa na kelvini 300. Baada ya mwendo mrefu tairi likifikia nyuzijoto 57, yaani kelvini 330, na ujazo wake ukiwa haukubadilika, kanieneo halisi itakuwa 294 mara 330 gawa kwa 300, yaani karibu kilopaskali 323. Kipimo kitaonyesha PSI 32. Mwendeshaji asiyejua atapunguza upepo hadi 28. Tairi likipoa, kipimo kitashuka hadi PSI 24, na asubuhi ya pili ataanza safari na tairi lililopungua. Hivyo basi, upepo hupimwa tairi likiwa baridi, na kiasi kifaacho, hasa kwa gurudumu la nyuma lenye mzigo, husomwa katika kitabu au katika kibandiko cha pikipiki.

Tairi lenyewe litazamwe pande zote kwa nyufa, uvimbe, misumari na kina cha kashata. Spoki zigongwe moja moja kwa bisibisi: iliyokaza hutoa mlio mwembamba, iliyolegea hutoa mlio mzito. Fizikia ya nyuzi za gitaa hutumika hapa bila kubadilika.

Breki

Breki haiiangamizi nishati; huigeuza kuwa joto. Tuseme pikipiki, mwendeshaji na mizigo vina tungamo la kilo 220. Katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, nishati mwendo yake ni karibu kilojouli 31. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa ni kilojouli 54. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja tu, lakini kazi ya breki imekaribia kuongezeka maradufu, kwa kuwa nishati mwendo hufuata mraba wa mwendo.

Mteremko hutoza zaidi. Msafiri wetu anaporudi kutoka Iringa huteremka Kitonga, mahali panapojulikana na madereva wote wa barabara hiyo. Katika mteremko wowote unaoshuka mita 400 za wima, kilo 220 huachia kilojouli 862 za nishati, sawa na kuisimamisha pikipiki hiyo kutoka kilomita 60 kwa saa mara 28 mfululizo. Joto hilo lingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili na nusu za maji yaliyokuwa na nyuzijoto 25. Breki ndogo ya ngoma haiwezi kulitupa joto lote hilo hewani kwa dakika chache. Brekishuu zikipata joto mno, msuguano wake hupungua, na mwendeshaji hukanyaga bila kupata jibu.

Njia ya kuepuka ni kuiachia injini kazi hiyo: kushuka kwa gia ndogo, na kuitumia breki kwa vipindi vifupi. Wapo wanaoteremka kwa gia huru ili kuokoa petroli. Petroli wanayookoa ni kidogo sana, na nishati yote huiachia breki peke yake.

Kabla ya safari, breki ya ngoma ikaguliwe kwa alama ya mshale iliyopo katika pikipiki nyingi kwenye mkono wa breki. Mshale ukifika ukingoni breki ikikanyagwa, brekishuu zimekwisha. Breki ya diski ikaguliwe unene wa pedi na kiasi cha mafuta yake. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa kadiri miaka inavyopita, na yenye maji huchemka katika halijoto ndogo zaidi. Kwa hiyo vitabu vingi huagiza yabadilishwe kila miaka miwili. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, kwa kuwa brekishuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo huleta maradhi ya mapafu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Umeme

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Injini ikizunguka kwa mwendo wa kati, kipimo kwa kawaida hupanda hadi karibu volti 14. Kisipopanda, betri haichajiwi, na taa zitafifia usiku njiani. Betri ya maji iongezwe maji yaliyotoneshwa, siyo ya bomba, na ncha zake zisafishwe.

Taa ya mbele ya wati 35 huvuta ampea 2.9 hivi. Fyuzi ikikatika mara kwa mara, ujumbe wake ni kwamba mahali fulani waya umechubuka. Kuizungushia karatasi ya sigara au waya mnene ni kuuziba mdomo wa mtoa habari: umeme utapita, waya utapata joto, na moto utaanza karibu na tangi la petroli. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nati na mtetemo

Nati hushikwa na msuguano kati ya hesi zake na za bolti. Mtetemo huupunguza msuguano huo kwa muda mfupi sana, lakini mara nyingi sana, na nati hurudi nyuma kwa visehemu vya digrii. Njia rahisi ya kuzichunga ni kuchora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya nati na juu ya chuma kilicho karibu nayo. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Zikaguliwe hasa nati za ekseli, za kushikilia injini, za usukani, za ekzosi na za kichukulio cha mizigo.

Kukaza mno ni kosa pia. Mkono wenye kani ya newtoni 100 katika spana ya sentimita 20 hutoa mzunguko wa newtoni-mita 20, unaozitosha bolti nyingi ndogo. Ukiongeza bomba la mita moja kwenye spana hiyo, mkono uleule hutoa mara tano, na hesi hung'oka.

Utaratibu wa ukaguzi

Kazi hii isifanywe usiku wa kuamkia safari, kwa kuwa matengenezo mapya nayo huhitaji kujaribiwa: kebo mpya hulegea, na nati iliyosahauliwa hujionyesha katika kilomita za mwanzo. Mpangilio ufuatao wafaa:

1. Juma moja kabla: osha pikipiki, kwa kuwa uchafu huficha nyufa na mivujo. Badili oili, safisha chujio, kagua plagi, cheni, breki na betri. Tikisa kila gurudumu upande kwa upande ili kutambua beringi zilizolegea.

2. Siku nne kabla: endesha kilomita 30 hadi 50 ukiwa na mzigo uleule wa safari. Kisha kagua upya cheni, nati, mivujo na kiasi cha oili.

3. Siku moja kabla: funga vifaa, yaani spana zinazofaa, kifungulia plagi, plagi ya akiba, tyubu, viraka, pampu, kebo ya klachi, fyuzi, kiungo cha cheni, kipande cha waya na tochi. Mizigo mizito ikae chini na karibu na mwendeshaji.

4. Asubuhi ya safari: pima upepo kabla ya kuondoka, jaribu taa zote na breki zote mbili, vaa helmeti na ufunge mkanda wake.

5. Njiani: simama kila baada ya saa moja na nusu hivi. Gusa nati, tazama cheni, na kuchunguza kama kuna mvujo. Panga kufika kabla ya giza.

Iko mipaka ambayo mwenye pikipiki asiye fundi hapaswi kuivuka. Beringi zilizolegea, usukani unaogonga, mlio wa chuma ndani ya injini na mvujo wa mafuta ya breki ni kazi za fundi. Faida ya ukaguzi hapo ni kwamba mwenyewe anampelekea fundi habari kamili: ni wapi, tangu lini, na kwa kipimo gani. Fundi mwenye habari hizo hutengeneza kilichoharibika, na mwenye pikipiki halipii vipuri visivyohitajika.

Pikipiki moja iliyoegeshwa chini ya mwembe wa shule inaweza kutumika kufundishia mada nyingi za fizikia: msuguano, gesi, joto, nishati, umeme na kani. Mwanafunzi aliyewahi kuipima cheni kwa rula yake mwenyewe ataelewa kwa nini asilimia 2 si kitu kidogo, na siku atakayopanda Kitonga au kuiteremka, atakuwa anajua ni nini kinachotokea chini yake.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Tairi limejazwa kilopaskali 193 kwa kipimo huko Dar es Salaam, ambako kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101. Kipimo hicho kitasoma ngapi huko Iringa, ambako kanieneo ya hewa ni kilopaskali 84, ikiwa halijoto na ujazo wa tairi havikubadilika?

2. Chora grafu ya nishati mwendo ya pikipiki yenye tungamo la kilo 220 katika mwendo wa kilomita 20, 40, 60 na 80 kwa saa. Kwa nini si mstari ulionyooka?

3. Hatua 20 za cheni zina urefu wa milimita 257. Cheni imelika kwa asilimia ngapi? Je, inafaa kwa safari ndefu?

4. Tia oili ya aina moja katika chupa mbili ndogo zinazofanana, na gololi moja katika kila chupa. Weka chupa moja katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi. Zipindue zote mbili kwa pamoja na ulinganishe muda wa gololi kushuka. Eleza matokeo kwa kutumia neno mnato.